Mashimo Manane ya Bao na Ijumaa Yangu

Mimi sikusoma sana. Nilikaa chuoni mpaka nikahitimu msahafu, nikaingia skuli, nikatoka darasa la tatu kwa sababu ya kikohozi na uvivu, kwa hiyo atakayeona kasoro ya herufi humu anisamehe. Lakini najua kwamba wiki ina siku saba. Jambo hilo hata mbuzi wa Kisauni walilijua, maana Ijumaa ndiyo waliyochinjwa. Likamshinda mtu mmoja aliyevaa suruali iliyopigwa pasi mbele na nyuma, na machungu yake ninayo mpaka leo.

Wakosaji nitawataja. Majina yao siandiki, kwani Kisauni ni ndogo na wengine tumeshakuwa wakwe, lakini kazi zao nitazisema na aliyekuwepo atajua. Mkosaji wa kwanza ni karani. Wa pili ni karani vile vile. Wa tatu ni bao la mzee mnyapara, ambalo halikuwa na kosa ila mashimo yake. Wa nne nitamtaja nikifika kwake, kama sikuona haya.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mzungu, bendera yake ingali juu lakini imeshafifia. Kisauni tulikuwa tukinywa maji ya visima, na visima vyetu vilikuwa na chumvi kiasi cha mtu kupika mchuzi akasahau kutia chumvi na asijue. Halafu tukaletewa mfereji: ukuta wa saruji wenye midomo minne ya maji, kibanda cha mabati ubavuni, na ndani ya kibanda koki kuu iliyofungiwa kwenye kisanduku cha chuma. Koki hiyo ilikuwa na ila moja tangu siku ya kwanza: ukiiachilia, inajifunga yenyewe. Yataka mtu aishike.

Tuliajiriwa watu wanne, kila mmoja na ufunguo wake. Wa kwanza alikuwa mnyapara wetu, mzee mpole, bingwa wa bao. Wa pili mwenzetu wa Kigiriama, mtu wa maneno machache. Wa tatu mpiga zumari, ambaye arusi zote kutoka Kisauni mpaka Mtwapa alizijua kwa vyakula vyake. Wa nne mimi. Watatu walikuwa kazini na mmoja alipumzika.

Nani apumzike? Mnyapara alikuwa na njia yake, nayo haikuandikwa popote. Jioni tukifunga alituuliza, "Kesho nani ana dharura?" Mwenye dharura alipumzika. Wakiwa wawili, dharura zilishindanishwa: maziko hushinda arusi, arusi hushinda homa, homa hushinda mpira. Asipokuwapo mwenye dharura alipumzika mnyapara mwenyewe, akakaa kibarazani kwake akicheza bao. Tuliishi hivyo kwa amani, na Ijumaa kila aliyeihitaji aliipata.

Foleni yetu nayo ilikuwa ya mawe. Nieleze, maana wa siku hizi hawatajua. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na chungu motoni hawezi kusimama mferejini tangu alfajiri akingoja maji yafunguliwe. Basi kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Jiwe lililetwa jioni likawekwa nyuma ya mwenzake, mwenyewe akaenda zake, akaja kesho yake zamu ikimkaribia. Tuliyajua yote. La mwalimu wa chuo lilikuwa nusu ya tofali jekundu. La muuza mahamri lilikuwa kigae cha mtungi. La fundi viatu halikuwa jiwe hasa, lilikuwa kile chuma chake cha kupigilia soli. Foleni ikisogea, aliye karibu alisukuma jiwe la jirani kwa mguu, na akiwa na adabu alisema kwanza, "Hodi, mwalimu." Mimi nimemwona mtu mzima akiliamkia lile tofali.

Sasa huyo karani. Alizaliwa mjini, kisiwani, katika nyumba yenye mfereji jikoni. Wallahi hajapata kuteka maji maishani mwake. Ofisi iliyotuajiri ilimpeleka akajifunze jinsi ya kupanga zamu, akarudi na kalamu tatu. Akasema huu utaratibu wa dharura ni wa kienyeji, na kwamba atatupangia zamu zitakazojirudia zenyewe mpaka kiyama bila mtu kuuliza mtu. Lakini kwanza alitaka kuhesabu foleni.

Akaja alfajiri tatu mfululizo, mwangaza wenyewe wa kubabaisha. Akayakuta mawe, vigae na makopo yamejipanga mpaka kwenye mwembe wa jirani. Akamuuliza mnyapara kama vyote vile vina wenyewe. Mnyapara akasema vina wenyewe. Akauliza kama wenyewe wote wanangoja maji. Mnyapara akasema wote wanangoja. Mzee hakusema uongo hata mmoja. Karani akahesabu, akaandika: alfajiri, watu hamsini na saba. Kisha akaja alasiri, saa ambayo wanawake huja kwa miguu yao, akawakuta kumi na wawili wanagombana kama mia. Akaandika: alasiri, watu kumi na wawili. Ugomvi haukuwa na mahali pake kwenye ile karatasi.

Baada ya hapo alitaka kuijaribu ile foleni kabla ya kutupangia zamu, na kwa jaribio hilo akaazima bao la mnyapara. Hapa ndipo nilipopotelea, ingawa siku ile nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bao letu, kama ujuavyo, lina safu nne za mashimo manane. Karani akatazama safu nne, akatutazama sisi wanne, uso ukamng'aa. Kila safu akaifanya mtu mmoja, kila shimo siku moja. Kete zikawa ni watu wa foleni, akawa anazileta kwa fungu kama alivyoziandika na kuziondoa moja moja kama mtu anayejaziwa ndoo. Penye siku ya mapumziko aliweka kokwa ya tende. Alicheza siku nane kibarazani kwa mchana mmoja, jasho linamtoka, akijisemea, "Huyu ameshapata maji, huyu bado, huyu bado."

Mnyapara alivumilia kadiri ya uwezo wake. Lakini mcheza bao ni mcheza bao. Karani alipofika siku ya sita, mzee akanyosha mkono akazoa fungu zima la kete.

"Bwana karani," akasema, "hapa umeliwa."

Karani akamwambia kwa upole kwamba zile si kete, ni wanawake wa Kisauni. Mnyapara akasema hata kama ni wanawake wa Kisauni, wameachwa shimo la wazi na mbele yao tupu, nao wameliwa. Ikabidi jaribio lianzwe tena tangu siku ya kwanza.

Matokeo yake ni kwamba alfajiri tukawa wawili na alasiri mmoja, tena zamu zikawa za siku nane. Nilimuuliza kwa nini nane. Akasema ndivyo hesabu ilivyotoka. Haikutoka kwenye hesabu, ilitoka kwenye mti wa bao! Laiti seremala aliyechonga bao lile angelewa akachonga mashimo saba, mimi leo ningekuwa mtu wa furaha.

Karani akakata boksi akafanya gurudumu lenye vipande vinane, kila kipande kimeandikwa nani alfajiri, nani alasiri, nani mapumziko. Akalipigilia msumari katikati kwenye ukuta wa kibanda, akachora mshale juu yake. Afunguaye asubuhi asogeze kipande kimoja, basi. Kubadilishana zamu marufuku, kwa sababu alikuwa anaandika kila siku, na tukibadilishana tutamharibia jaribio.

Katika sisi wanne aliyefurahi alikuwa Mgiriama. Hakulitazama lile gurudumu hata siku moja. Kwao wiki ni ya siku nne, na ya nne huitwa jumwa, siku ambayo mtu hashiki jembe. Gurudumu la nane lilikuwa wiki zake mbili kamili. Mapumziko yake yakaangukia jumwa, jumwa na jumwa, kama vile karani alikwenda kuuliza kwa babu yake. Sisi watatu wa Ijumaa tulikuwa tunaikuta Ijumaa kama mtu anavyookota kisu njiani.

Na zile alfajiri, mama yangu. Wawili tunakaa mbele ya mawe hamsini na saba. Mmoja ameshika koki, maji yanamwagika chini bure, mwingine anapanga foleni, yaani anayanyosha mawe yawe mstari mzuri. Mpiga zumari alizoea kuyahutubia, akiyasihi yasisukumane. Alasiri mmoja wetu peke yake anashika koki kwa mkono huu na kuamua ugomvi kwa mkono ule, na mara nyingi mkono wa ugomvi ndio ulioumia.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nilikuwa nataka kuoa.

Msichana alikuwa binti wa mwalimu wa chuo, wa lile tofali jekundu. Mnyapara ndiye aliyekwenda kuniposea, na mwalimu aliridhika. Asiyeridhika alikuwa dada yake mwalimu, shangazi wa msichana, mwanamke mkali ambaye sauti yake ilifika mahali kabla yake. Yeye alikuwa na mtu wake wa kumwoza, muuza mbao wa Changamwe. Mwalimu akaamua nikahi iwe Ijumaa fulani baada ya swala, kwa sababu Jumamosi alfajiri alikuwa anasafiri kwenda Tanga kusomesha, na hakujua atarudi lini. Akaniambia wazi kwamba Ijumaa ile ikipita, shauri la binti yake litabaki mikononi mwa shangazi. Nikaelewa. Nikikosa Ijumaa ile, nimeozwa upweke, na muuza mbao kaozwa mke.

Nikaenda kwenye gurudumu, nikahesabu vipande kwa kidole. Ijumaa ile mapumziko yalikuwa ya Mgiriama. Nikamwendea karani, nikamweleza habari zangu zote mpaka za muuza mbao. Alinisikiliza, nisimsingizie. Kisha akasema gurudumu halijui arusi, na kwamba likivunjwa mara moja litavunjwa kila mara.

Basi mkosaji wa nne ni mimi. Alhamisi adhuhuri, nikiwa peke yangu kibandani, niliweka kidole changu kwenye lile boksi nikalisogeza mbele kipande kimoja. Kimoja tu! Kesho yake yakawa mapumziko yangu. Nikatoka nikipiga mluzi, sikulitazama tena.

Ijumaa nilioga, nikafukizwa udi, nikavishwa joho la kuazima ambalo mikono yake ilinizidi kwa shubiri. Mnyapara alikuwa nami tangu asubuhi kwa kuwa yeye ndiye mshenga. Mpiga zumari naye alikuja mapema, akauliza pilau itaiva lini. Sikujiuliza hawa wametokaje kazini. Bwana arusi hajiulizi kitu. Wanawake wawili watatu walikuja kupiga hodi kuulizia mfereji, mamangu akawajibu kwamba mwanawe leo hana zamu, gurudumu limesema, wakaulize wengine.

Tukaswali, tukatoka kwa maandamano kwenda kwa mwalimu, zumari mbele, kaswida nyuma, mimi katikati nikitembea kwa madaha. Njia inapita mferejini. Hapo tukakuta wanawake wamepanga ndoo na madebe njia nzima, ukuta hata kuku hapenyi, na mbele yao amesimama shangazi, sufuria tupu begani.

"Hapiti mtu hapa," akasema.

Mnyapara akajaribu kwa adabu. "Mamangu, huyu ni bwana arusi."

"Namjua. Ndiyo sababu nimesimama." Akanigeukia. "Tangu asubuhi mfereji haukufunguliwa. Pilau ya arusi yako inaungulia kwenye vyungu vitatu. Ufunguo unao?"

Nilikuwa nao, nimeufunga kiunoni chini ya kanzu, mazoea tu. Nikasema ninao, lakini nikahi ndiyo inayoningoja.

"Bibi arusi anaweza kungoja," akasema shangazi. "Mchele hauwezi."

Nikafungua. Nikashika koki nikiwa na joho langu, nikadhani wataanza na ndoo za arusini tuondoke. Thubutu. Sauti ikatoka nyuma kabisa: arusi yao, foleni yetu. Na kweli, tofali la mwalimu lilikuwa mbali, limekaa nyuma ya mawe ishirini na mawili, kila jiwe na nyumba yake, kila nyumba na madebe yake. Shangazi mwenyewe hakuthubutu kuliruka jiwe la mtu. Nikawa nimenasa. Nikiiachilia koki, inajifunga na mimi ninapigwa sufuria. Nikimkabidhi mwenzangu, na hapo mnyapara alishanyosha mkono, wanawake wanasema hapana, huyu huyu aliyetukausha ndiye atakayetujazia. Maji yakanifika magotini. Jua likaanza kuinama kuelekea alasiri.

Wakati huo karani akatokea na karatasi yake, maana alikuwa na desturi ya kuja Ijumaa kutazama. Akauliza nani yuko zamu. Mimi nikasema leo ni mapumziko yangu. Mpiga zumari akaitoa zumari mdomoni akasema hapana, ni yake. Mnyapara akakohoa, akasema kwa haki ya Mungu yeye alijua ni yake.

Ikatoka yote pale pale. Mpiga zumari alipita kibandani Alhamisi alasiri, akaona Ijumaa ni yangu, akasogeza kipande kimoja iwe yake. Alisema bwana arusi hakosi wa kumwombea ruhusa, lakini mpiga zumari nani atamwombea? Mnyapara alifunga magharibi, akaona Ijumaa ni ya mpiga zumari, akasogeza kimoja, kwa sababu mshenga akikosekana arusi haina mdomo. Kila mmoja alisogeza kidogo tu, kisha hakutazama tena. Wa nne, Mgiriama, alikuwa anapita njia muda huo na kikapu cha maembe. Karani akamuuliza na wewe. Akajibu bila kusimama, "Mimi leo jumwa, bwana." Na katika watu wote waliokuwapo, gurudumu na aliyelitengeneza wakiwamo, ndiye peke yake aliyekuwa sahihi.

Karani akafungua mdomo atukaripie, lakini watu wakapisha njia. Mwalimu alikuwa amechoka kungoja. Alikuja na fimbo yake, akalitazama tofali lake, akanitazama mimi na joho lililolowa.

"Mwaona mume mliyemchagua?" akasema shangazi. "Mwosha ndoo."

Mwalimu akageuza debe moja tupu, akalikalia, akasema, "Nipe mkono."

Nikamwambia mkono umeshika koki.

Akafikiri kidogo. "Shika koki kwa kushoto," akasema, "mke kwa kulia."

Basi ndivyo nilivyooa. Mkono wa kulia umo kwenye mkono wa mwalimu, wa kushoto umekamata koki, maji yanaingia ndoo ya muuza mahamri, naye ameinama ananiambia taratibu, usipunguze. Ilitakiwa mashahidi wawili wanaume, watu wazima, wenye akili zao. Wa kwanza alikuwa mnyapara. Wa pili mwalimu akamwelekezea fimbo karani, akasema njoo wewe mwenye kalamu. Akaja. Mwalimu akaniambia amenioza binti yake, nikasema nimekubali kumuoa, na nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya maji. Vigelegele vikapigwa mpaka mawe yakasikia. Na hapo utaona dhiki yangu: mtu niliyekuwa nimlaani maisha yangu yote ni shahidi wa ndoa yangu. Nikimlaani sana, nahofia ndoa itatanguka.

Pilau iliungua chini. Tuliila. Mwalimu alisafiri Tanga kesho yake, na shangazi alininunia kwa muda, kisha akazoea, kwa kuwa mkwe mwenye ufunguo wa mfereji si mtu wa kununiwa.

Ningependa kumalizia hapo, lakini karani hakumalizia hapo. Wakati sisi tunapiga vigelegele, yeye alihesabu. Akahesabu wanawake na ndoo zao, waimba kaswida, majirani, mzee wa fimbo, akanihesabu na mimi. Akaandika kwamba Ijumaa baada ya swala Kisauni nzima huja kuteka maji. Nilimwambia, bwana we, ile ilikuwa arusi, nawe ulikuwa shahidi. Akasema arusi anaijua, lakini karatasi yake haina safu ya arusi. Akakata gurudumu la pili, dogo, safari hii la vipande saba, kwa hiyo saba alikuwa anaijua kumbe, akalipigilia juu ya lile la kwanza. Vipande sita vilikuwa vitupu. Penye Ijumaa paliandikwa: wote wanne.

Tangu hapo hakuna aliyepumzika Ijumaa. Mgiriama naye akalazimika, hata jumwa yake ikiangukia Ijumaa, akawa anakuja na kuketi bila kugusa kitu, kimwili yuko zamu. Mke wangu aliletewa nyumbani kitanda, sanduku na, kwa ridhaa ya baba yake, lile nusu tofali. Kila Ijumaa, saa ya watu kula na wake zao, mimi nililetewa sahani kibandani nikala nikitazamana na tofali la nyumbani kwangu.

Uhuru ulikuja Alhamisi. Ijumaa yake Kisauni ililala, imechoka kwa ngoma na sauti zimekauka. Alfajiri tulikuwa mferejini sisi wanne, mnyapara, mpiga zumari, Mgiriama na mimi, kwa sababu karani alikuwa ameshapandishwa cheo akahamia ofisi kubwa mjini, na gurudumu hakuna aliyeambiwa aliondoe. Hakuja mtu hata mmoja. Mnyapara akatuuliza, kwa mara ya kwanza tangu siku zile, "Kesho nani ana dharura?" Nikaenda kwenye foleni, nikalikuta tofali letu la tano, na mbele yake mawe manne ya watu waliolala. Nikasema, "Hodi, mke wangu," nikalinyosha kwa mguu liwe sawa na wenziwe, nikarudi kushika koki.